Hifadhi ya Duka Katika Mji wa Kisumu

Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika ufuoni mwa ziwa Viktoria tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipo mji wa Kisumu leo, palipopewa wakati ule jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi mmoja wa reli ile, wafanyabiashara wa Kihindi hawakukawia kuifuata na marobota yao ya merikani, chumvi na shanga. Na miongoni mwao walikuwamo mawakala wa Allidina Visram, tajiri mzaliwa wa Kutch aliyefunguliwa mlango wa tijara pwani, na ambaye maduka yake yalikuwa yamekwisha kutapakaa hata Kampala na Jinja alipofariki mwaka 1916.

Duka la zama zile, aghalabu la mabati matupu, lilikuwa na milango ya mbao iliyofungwa kwa komeo, na nyuma ya shubaka za bidhaa palikuwa na chumba ambamo mwenye duka, mkewe na watoto wao walipika, walikula na kulala. Wapitaji walidhani ni ubahili wa kukwepa kodi ya nyumba ya pili, na huenda ubahili ulikuwamo. Lakini fauka ya hayo ilikuwa ni hifadhi iliyo bora kuliko kufuli lolote lililoletwa kwa meli, kwa sababu mwizi wa usiku hakuwa akivunja ghala tupu bali nyumba yenye watu, na majirani wa pande zote mbili, ambao nao walilala mumo humo dukani mwao, wangeusikia ukelele wa kwanza. Fedha ilikaa katika kasha la chuma lisilobebeka na mtu mmoja, na rupia iliyotiliwa shaka iligongwa juu ya meza ili sauti yake itoe ushahidi. Sarafu ilipogeuzwa katika miaka ya 1920 na 1921, kutoka rupia kwenda florini, na kutoka florini kwenda shilingi, sikio halikutosha tena, kwa kuwa kila hesabu mpya humfungulia mjanja mlango ambao haujatiwa komeo.

Mwafrika alipoingia katika biashara hii kwa wingi, hatari yake haikuwa ya mlangoni tu. Mwaka 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu huko Maseno, alianzisha pamoja na wenzake shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, lililokusanya hisa za watu wengi wenye kipato kidogo na kujenga jumba la Ramogi mjini Kisumu. Mali ya mtu mmoja huweza kulindwa na jicho lake. Mali ya wanahisa walio Bondo, Gem na Alego haina mlinzi ila daftari, stakabadhi na uaminifu wa karani. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulinzi wa biashara ndogo ulipogeuka kuwa elimu, na mtu aliyejua kulinganisha vitabu akawa na thamani kuliko mwenye rungu.

Wenye uwezo walipohamia Milimani na mitaa mingine ya kukaa, duka likabaki peke yake usiku. Milango ya mbao ikabadilishwa kwa shata za chuma, madirisha yakatiwa vyuma, na soja akakaa barazani na kabuti lake na jiko la makaa, akilinda mali ambayo thamani yake hakuijua kwa ujira usiomtosha. Udhaifu wa mpango huu ulidhihirika baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, umati ulipopora na kuchoma maduka katikati ya mji, hata katika barabara iliyoitwa kwa jina la Odinga huyo huyo. Msiba wa maduka, hata hivyo, haupasi kutajwa peke yake: tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iligundua kwamba wengi wa waliouawa Kisumu walikufa kwa risasi za polisi. Baadhi ya wafanyabiashara waliokuwa wakilipa bima ya moto waligundua kuwa ghasia za kisiasa hazikuwamo katika mkataba wao, sharti ambalo aliyetia saini bila ya kulisoma hakulijua ila siku ya majivu.

Katika mwaka huo wa 2007, mnamo mwezi wa Machi, M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilikuwa imekwisha kuzinduliwa, na vibanda vya mawakala vikaota pembeni mwa soko la Kibuye na kando ya ziwa pale Dunga, ambako muuza samaki huweza sasa kurudi nyumbani bila ya noti kiunoni. Mnyang'anyi wa njiani amepungukiwa kwa upande huo. Lakini yupo wa namna nyingine, akaaye mbali, atumaye ujumbe wa uongo kuwa fedha zimeingia kwa makosa na aombaye kwa adabu kubwa zirejeshwe. Wakala mwenye hadhari hamjibu. Hutazama kwanza salio lake mwenyewe, haamini maandishi ya simu ya mteja, humtaka aliyesimama mbele yake aoneshe kitambulisho, huandika nambari yake katika daftari, na namba ya siri haitamki mbele ya mtu yeyote, hata awe ni mwana wa ndugu yake aliyeletwa kumsaidia kazi.