Burudani Njema na Jumba la Maigizo la Kampala

Neno "burudani" lina undugu na neno "baridi". Kuburudika ni kupozwa: mtu aliyechoshwa na jua la kazi hupata kivuli, akapumua. Kwa hiyo burudani njema haipimwi kwa kicheko peke yake, bali pia kwa hali ya moyo ambayo mtazamaji hurudi nayo nyumbani. Jambo hili ladhihirika katika historia ya Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya Uganda kujitawala. Hapo mwanzo jukwaa lake lilitawaliwa na michezo ya Kiingereza, iliyowafaa wageni na wasomi wachache. Hata hivyo, mbegu nyingine ilikwisha pandwa. Mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi alianzisha chama cha waigizaji Waafrika, akawa anatunga michezo kwa Kiganda. Tangu mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere nao walisafiri na maigizo yao hadi mashambani, wakayaonyesha bure, pamoja na kwa lugha za wenyeji. Hivyo mwananchi alianza kujiona jukwaani na kujisikia akisema.

Aliyeupamba mtindo huo ni Byron Kawadwa. Yeye aliunganisha maigizo, nyimbo na ngoma, kama yalivyoungana tangu zamani katika sherehe za vijijini. Mchezo wake uitwao *Oluyimba lwa Wankoko*, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo, huonyesha hila za kuwania madaraka katika jumba la mfalme. Mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi duniani. Mwaka huohuo, baada ya kurejea nyumbani, Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin.

Yafaa tujiulize: mtu wa nyimbo na vichekesho anaweza kumtisha nani? Jibu ni kwamba watu wanaocheka pamoja, kwa lugha wanayoielewa wote, hutambua pamoja lililo potovu. Kicheko cha namna hiyo hakimdhalilishi mtu; humwinua.

Amin aliangushwa mwaka 1979, na vikundi vya maigizo vikazidi kuchipuka mjini Kampala. Mtunzi aliuawa, lakini hamu ya watu ya kutazama maisha yao jukwaani haikufa.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, hapa pana funzo. Tusiufanye mchezo wa kuigiza kuwa kitabu cha mtihani tu. Tuwape wanafunzi nafasi ya kuusimamisha mbele ya wazazi wao, hata chini ya mwembe. Lugha inayochekesha na kuliza watu hadharani haihitaji kusukumwa; hutembea yenyewe.