Mwanaidi: Maana ya Jina na Hukumu Yake

Kuanzia Pangani hadi Mkumbara, chini ya milima ya Usambara, jina Mwanaidi limezoeleka katika nyumba za Waislamu. Hata hivyo, wapo wanaowataka wenye jina hili walibadilishe kwa hoja mbili: kwamba si la Kiarabu, na kwamba linamnasibisha mtoto na asiyekuwa baba yake, jambo lililokatazwa katika Suratul Ahzab, aya ya 5.

Tuanze na lugha. Mwanaidi ni mwana wa Idi, yaani aliyezaliwa siku ya Idi. Mfano wake ni Mwajuma na Mwanahamisi. Wavulana huitwa kwa siku yenyewe: Idi, Juma, Hamisi. Tusilichanganye na Mwanaisha, ambamo "mwana" ni neno la heshima kwa mwanamke, kama katika jina la Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858.

Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipita Mazinde, jirani na Mkumbara, alikokaa Semboja mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Kwa njia hizo Uislamu ulienea bara pamoja na kalenda yake. Zama ambazo vizazi havikuandikwa, jina ndilo lililokuwa cheti: Mwanaidi alizaliwa ama tarehe 1 Mfungo Mosi (Shawwal), ama tarehe 10 Mfungo Tatu (Dhul Hijja). Baadaye wajukuu walirithi majina ya bibi zao, hata wasipozaliwa siku hizo.

Ama hoja ya kwanza, Mtume (s.a.w.) alibadilisha majina kwa sababu ya maana. Amepokea Muslim kuwa 'Asiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Na 'Asiya ni Kiarabu fasaha.

Ama ya pili, Suratut Tawba, aya ya 60, inamtaja "ibnu sabil", mwana wa njia, miongoni mwa wanaopewa zaka. Huyo ni msafiri, wala hakuna aliyefahamu kuwa njia ni baba yake. Nasaba ya Mwanaidi hubaki mahali pake: Mwanaidi binti fulani.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya kisharia ya kumtaka mama au binti aliache jina hili. Wazazi wajihadhari zaidi na majina kama Shida na Tabu. Bukhari amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimtaka Hazn, yaani ugumu, aitwe Sahl, yaani wepesi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.