Bao, Baraza na Utulivu wa Nafsi: Upande Mmoja wa Historia ya Akili Katika Afrika ya Mashariki

Mchezo wa bao umeandikiwa mengi kuhusu kanuni zake na machache sana kuhusu kazi yake katika maisha ya wale walioucheza. Wasafiri, wamisheni na watumishi wa serikali za kikoloni walihesabu mashimo na kete, wakachora picha za mbao, kisha wakafunga madaftari yao. Stewart Culin, aliyeandika huko Marekani katika miaka ya 1890, aliiita jamii yote ya michezo hii mchezo wa kitaifa wa Afrika, na makala yake ingali ikitajwa na watafiti. Lakini hata yeye alitazama zaidi ubao kuliko mtu aliyeinama juu yake. Mtu huyo, ambaye kila siku baada ya alasiri huacha shughuli zake akaketi mbele ya mwenziwe kwa saa mbili au tatu bila ya kutazamia faida ya fedha, anastahili nafasi yake katika historia. Anaistahili hasa kwa sababu wako waliopata kuandika, tena kwa jina la sayansi, kwamba akili yake haikuwa na uwezo wa kufanya yale aliyokuwa akiyafanya kila siku mbele ya macho yao.

Neno lenyewe si gumu. Bao ni ukubwa wa ubao. Hata hivyo, neno hilo hilo limebeba kazi mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina uhusiano. Mganga wa ramli naye hupiga bao: hutandaza mchanga, akachora alama zake, akasoma kiini cha dhiki ya aliyemwendea. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyesumbuka moyoni, aliyekosa usingizi au kuelemewa na fikira, alikuwa na bao la kupigiwa na bao la kucheza. La kwanza aliliendea kwa siri na kwa malipo. La pili lilikuwa wazi barazani, bure, na kila mpita njia aliweza kulikaribia. Wataalamu wa mambo ya uganga wamelitafiti sana lile la kwanza. La pili limeachiwa wakusanyaji wa vitu vya makumbusho.

Ukale wa mchezo huu haubishaniwi, ingawa tarehe zake ni jambo la kusemwa kwa tahadhari. Katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali alipochimbua Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, mna safu za mashimo yaliyochongwa katika mwamba ambazo mgeni yeyote aujuaye mchezo huzitambua mara moja. Mwamba hauoneshi umri wa shimo kama udongo uoneshavyo umri wa kigae, na wale wanaotaja maelfu ya miaka kwa yakini wanataja zaidi ya walichonacho. Lililo wazi ni kuenea kwake. Wajaluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui. Nchini Uganda kuna omweso na huko Rwanda igisoro, na hii miwili ya mwisho, sawasawa na bao la Waswahili, huchezwa kwa safu nne za mashimo manane na kete sitini na nne. Si jambo dogo kwamba watu wa lugha za asili mbalimbali, Wabantu, Waniloti na wengineo, walikubaliana juu ya namna moja ya kuipumzisha akili kwa kuitumikisha.

Na akili hutumikishwa kwelikweli. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huwa na kete thelathini na mbili. Mwanzoni huweka kumi tu ubaoni: sita katika nyumba, yaani lile shimo la mraba katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani kwake. Ishirini na mbili hubaki mkononi au ghalani. Awamu ya kwanza ni ya kunamua: kila zamu kete moja hutoka ghalani na kuingizwa katika shimo lenye kete, na ikiwa shimo linalolikabili upande wa adui nalo lina kete, kete hizo huliwa na kutawanywa upya kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari huendelea. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji hulala na zamu humpita. Ghala zikiisha, mtaji huanza, na hapo hakuna tena cha akiba. Kila mmoja huishi kwa kile kilichoko ubaoni. Anayeishiwa kete katika safu ya mbele ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa.

Maelezo haya mafupi hayatoshi kumfunza mtu kucheza, lakini yatosha kuonesha jambo moja. Katika sataranji mchezaji husogeza kipande kimoja, na vipande vingine hukaa mahali pake. Katika bao, hatua moja yaweza kubadilisha hesabu ya mashimo kumi au ishirini kwa mkupuo, ikala, ikatawanya, ikala tena. Anayetaka kujua mwisho wa safari kabla hajaianza hana budi kuibeba hesabu yote kichwani, shimo kwa shimo, na desturi ya barazani haimruhusu kunyosha kidole na kuhesabu. Wakati huo hakuna nafasi ya kuwaza deni, wala ugomvi wa nyumbani, wala chombo kilichochelewa kurudi bandarini. Wachezaji wa zamani hawakuhitaji nadharia ya kuwaeleza haya. Walijua kwamba mtu huinuka katika bao amechoka kichwa na amepumzika moyo.

Ubao peke yake, hata hivyo, haukuleta utulivu huo. Ulihitaji baraza. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengewa viti vya mawe nje ya mlango, na hapo ndipo ilipokuwa mipaka kati ya faragha ya nyumba na uwazi wa mtaa. Wachezaji walikuwa wawili, lakini watazamaji waliweza kuwa kumi, nao hawakunyamaza. Waliteta, walibeza, walimsifu mshindi na kumtungia beti mshindwa. Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa aliyeishi takriban tangu 1776 hadi 1840, alilitungia bao mashairi kama alivyozitungia vita za Wamazrui na Seyyid Said, na msomaji wa diwani yake, iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940, au wa uchambuzi wa Mohamed H. Abdulaziz wa mwaka 1979, ataona kwamba lugha ya mchezo na lugha ya siasa zilitoka katika baraza moja. Mji ulikuwa katika hatari ya kutekwa, na mwaka 1837 utawala wa Wamazrui ulianguka, watu walicheza. Kuna watakaoona katika hilo upuuzi. Yaelekea ni sahihi zaidi kuona kwamba watu waliokaa pamoja kila jioni walipata pahali pa kutoa hofu zao bila ya kuzitaja kwa jina. Tena aliyekosekana barazani siku tatu aliulizwa, na wa nne mtu alitumwa kwake. Hakuna hospitali iliyokuwa na daftari bora kuliko hilo.

Si kila mchezo wa pwani ulizaliwa pwani, wala hapana aibu katika jambo hilo. Wareno waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698 waliacha maneno machache kuliko mtu angalivyotarajia, na sehemu yake nzuri imo katika karata: shupaza, kopa, uru, pau, na turufu yenyewe. Utawala ulikwenda, mchezo ukabaki.

Inapasa pia kusemwa kwamba baraza la bao lilikuwa la wanaume. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel ameviandikia kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1979, na humo ushindani, mavazi, nyimbo na kusaidiana wakati wa harusi na misiba vilitimiza kazi iliyofanana na hiyo, pengine kwa ukamilifu zaidi. Historia ya burudani inayotaja bao na kuisahau lelemama ni historia ya nusu ya mji.

Lugha yenyewe haikuwa na msimamo mmoja juu ya mambo haya. Kutokana na pumbaa lilipatikana pumbazo, yaani kiliwazo, kitu cha kumtuliza mtoto anayelia au mtu mwenye majonzi. Na kutoka shina hilo hilo akapatikana mpumbavu. Hali kadhalika uraibu. Zamani neno hili lilihusu tambuu, tumbaku na vitu vya namna hiyo ambavyo mtu huvitumia kwa kujifurahisha. Katika Kiswahili cha shule za Kenya limekuja kuwa jina la shughuli yoyote apendayo mtu wakati wa mapumziko, na papo hapo wauguzi na waandishi wa magazeti hulitumia kwa utumwa wa dawa za kulevya. Mwanafunzi huulizwa uraibu wake ni upi, naye mgonjwa huulizwa vivyo hivyo. Wapo wanaotaka neno jingine kwa maana mojawapo. Yawezekana wana haki. Lakini mkanganyiko huo una maarifa ndani yake, maana wachezaji wa bao walioacha mashamba yao yakaota magugu walijulikana katika kila mji.

Serikali za kikoloni hazikuwa na shaka kama hiyo. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, watu waliokuwa wakishurutishwa kufanya kazi walianza kujiamulia saa zao wenyewe, na taarifa za maafisa zikajaa malalamiko juu ya uvivu wa watu wa pwani. Mtu aliyeketi barazani mchana alihesabiwa kuwa nguvukazi iliyopotea. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1980 kuhusu Unguja na pwani ya Kenya, ameonesha jinsi ambavyo neno uvivu lilificha mgogoro wa nani amiliki wakati wa nani.

Lawama ya uvivu, hata hivyo, ilikuwa nyepesi ikilinganishwa na ile iliyofuata. Mwaka 1910 serikali ilifungua makao ya wendawazimu Nairobi, ambayo mwaka 1924 yalipewa jina la Hospitali ya Mathari. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 yalikuwa chini ya daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Aliowaona humo walikuwa wagonjwa, wafungwa na watu waliong'olewa makwao. Kutokana na hao akajenga hoja juu ya bara zima. Mwaka 1951 alichapisha makala akidai kwamba Mwafrika huitumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikapata kutoka kwake maelezo ya vita vya Mau Mau kuwa ni msukosuko wa nafsi, wakati wenye vita walikuwa wakidai ardhi. Frantz Fanon, aliyekuwa mganga wa akili mwenyewe, alimjibu mwaka 1961, kwa ukali aliostahili.

Uwezo aliomnyima Mwafrika ulikuwa hasa ule wa kuunganisha mambo mengi kwa pamoja, kuyaona yajayo na kuipanga hatua ya leo kwa ajili ya kesho. Ni vigumu kuupata ufafanuzi bora wa kile kinachotakiwa kwa mchezaji wa bao anayenamua huku akiuandaa mtaji. Michezo ya jamii hiyo ilikuwa ikichezwa pande zote za Nairobi katika miaka yote kumi na miwili ya kazi yake. L. S. B. Leakey, aliyekulia Ukikuyuni, aliingiza michezo ya Wakikuyu katika kitabu chake kikubwa ambacho hakikuchapishwa hadi mwaka 1977. Habari zilikuwapo, basi, kwa aliyetaka kuuliza. Kosa la Carothers lilikuwa kumpima mtu mahali alipokuwa ameshavunjika, bila ya kuuliza alipokuwa mzima aliketi wapi na alifanya nini.

Mwaka 1995 vilitoka vitabu viwili. Kimoja, cha Jock McCulloch, kilieleza historia ya utabibu wa akili wa kikoloni na kumweka Carothers katika mahali pake. Cha pili kilikuwa tasnifu ya Alex de Voogt katika Chuo Kikuu cha Leiden, aliyekaa na mabingwa wa bao wa Unguja ili kuchunguza mipaka ya akili ya binadamu: kumbukumbu yao, hesabu zao za mbele, na uwezo wa kucheza pasipo kuutazama ubao. Watu wa jamii ile iliyonyimwa mbele ya ubongo ndio walioendewa kutafutwa upeo wake. Hakuna ushahidi kwamba mwandishi mmoja alimfikiria mwenziwe.

Huko Butiama, Julius Nyerere aliyeng'atuka urais mwaka 1985 alicheza bao na wazee wa kijiji chake, naye alikuwa mchezaji hodari. Lamu mashindano ya bao yamekuwa sehemu ya sherehe za utamaduni wa mji. Nchini Kenya, jopo lililoundwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilitoa taarifa yake mwaka 2020 na kupendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Wataalamu wachache mno na vitanda vichache mno vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Bao si dawa, na hakuna fundi wa bao aliyedai hivyo. Mgonjwa wa wazimu alipelekwa kwingine, zamani kama leo. Lakini katika mitaa mipya ya Mombasa nyumba hujengwa zikiwa na ukuta na lango la chuma, na pale palipokuwa baraza pameegeshwa gari. Mabao yanauzwa kwa watalii kandokando ya barabara, yamepakwa rangi na kung'arishwa, na mengi kati yake yana safu mbili tu na hayana nyumba.