Warington wawili na maji ya samaki

Mwaka 1849, Robert Warington, mkemia wa London, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo kimoja na mmea wa majini. Hesabu yake: samaki watumie oksijeni, mmea uirudishe, maji yasibadilishwe. Majani yakaoza, maji yakachafuka, akaongeza konokono wayale. Mwaka 1850 akaieleza Chemical Society, na watu wakaanza kufuga samaki sebuleni.

Kumbe hesabu ilikuwa nusu. Kinyesi cha samaki kinaleta amonia, na amonia inaua. Ukitia samaki kwenye tangi jipya leo, wiki za mwanzo maji yanaweza kuwa meupe pee na bado samaki wakawa wanahema juujuu. Ndiyo maana unalisha kidogo, unapima amonia na nitriti, unabadilisha sehemu ya maji kwa mengine yasiyo na klorini. Halafu unasubiri.

Unasubiri nini? Hapa ndipo hadithi inaponinogea. Mwanawe, naye Robert Warington, alikuwa hajafika miaka 12 wakati wa jaribio lile. Ukubwani, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, alionyesha kuwa vijidudu fulani hugeuza amonia kuwa nitriti, na vingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huihimili zaidi. Alihangaika kuvitenga, akashindwa. Sergei Winogradsky akaweza mwaka 1890.

Mtoto alikuwa akichunguza udongo wa mashamba, si samaki. Na baba alishafariki tangu 1867.