Taa za El Cuá

Wahenga waliagiza kwamba mgeni apewe jembe siku ya tatu, lakini hawakusema afanyeje mgeni ambaye kazi yake haimo katika majembe ya wenyeji. Benjamin Linder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1959, alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1983, na mwaka huo huo akaenda Nikaragua. Alianza Managua, mji mkuu; baadaye akahamia El Cuá, kijiji cha milima ya kaskazini, penye mito ya kasi na vita.

Aliingia katika nyoyo za watu kwa njia isiyofundishwa vyuoni. Siku za chanjo alijipaka rangi usoni, akapanda baisikeli ya gurudumu moja, na watoto wakamwandama hadi penye sindano. Kwangu mimi, mchezo huo ulikuwa sehemu ya uhandisi wake, maana mtambo wa kijijini hudumu kadiri wenyeji wanavyouona kuwa wao. Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo: maji yaliporomoka bombani, yakazungusha gurudumu, na gurudumu likazalisha umeme.

Tarehe 28 Aprili 1987, karibu na San José de Bocay, alipokuwa akitayarisha upimaji wa maji ya kijito kwa mtambo mwingine, aliuawa na waasi wa Contra, jeshi lililofadhiliwa na serikali ya nchi yake mwenyewe. Waliuawa pamoja naye Wanikaragua wawili, Sergio Hernández na Pablo Rosales, nao wasisahauliwe. Wenzao waliobaki waliendelea kujenga, na mwaka 1994 umeme ukawaka Bocay.