Dar es Salaam: mji uliokua kwa kufuata barabara nne

Barabara kuu nne hutoka katikati ya Dar es Salaam kama vidole vya mkono uliotanuliwa: Bagamoyo, Morogoro, Pugu (leo Nyerere) na Kilwa. Mji huu, ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860, una tatizo moja kubwa: namna ya kutoka kidole kimoja hadi kingine.

Kariakoo, karibu na katikati ya mji, haina tatizo hilo. Wajerumani waliichora kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaiendeleza. Mitaa yake imenyooka na hukatana kila baada ya nyumba chache, hivyo mmoja ukizibwa na mikokoteni, wa pili upo. Haukuwa ukarimu. Mitaa ya mistari ilirahisisha kuwahesabu na kuwatoza kodi Waafrika waliopangiwa kuishi humo, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga na Uhindini.

Sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 272,000. Ya 2022, zaidi ya milioni 5.3. Wimbi hilo la watu lilipimiwa viwanja mara chache tu. Mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulizaa Sinza, yenye viwanja vidogo na njia panda nyingi, na hadi leo Sinza inapitika. Kwingineko wenye mashamba walijikatia vipande na kuuza; barabara ikawa kile jirani alichokubali kuachia. Ndiyo maana njia nyingi za Kimara na Mbagala huishia ukutani kwa mtu au kwenye korongo, na anayekwenda nyumba anayoiona ng'ambo hulazimika kutoka kwanza hadi barabara kuu.

Barabara ya Mandela, kutoka bandarini kupitia Tazara na Buguruni hadi Ubungo, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kuunganisha vidole hivyo. Haishangazi kwamba madaraja ya juu ya Mfugale (2018) na Kijazi (2021) yalijengwa pale inapokutana na barabara za Nyerere na Morogoro. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, nayo yalifuata kidole cha Morogoro hadi Kimara. Lami ya Goba, inayounganisha Mbezi ya Kimara na upande wa Barabara ya Bagamoyo, ilikuja wakati nyumba zimekwishatangulia, na nafasi ya kuchora mitaa ya pembeni ilikuwa imekwisha.