Kutoka Milan hadi Muhimbili: Nani Humwamulia Mtoto Kiziwi Lugha Yake?

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza watoto viziwi vifaa vya usikivu. Kabla ya hapo, wachache waliobahatika walipelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa gharama kubwa. Nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini nikilitazama tukio lile kwa jicho la historia, naliona kuwa sura moja ya simulizi ndefu, ambayo swali lake kuu ni la kisiasa kuliko la kitabibu: nani mwenye haki ya kumwamulia mtoto kiziwi lugha atakayoitumia?

Septemba 1880, waelimishaji wa viziwi kutoka Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Waliazimia kwamba usemi wa mdomo ni bora kuliko lugha ya alama, na kwamba usemi pekee ndio utumike darasani. Wajumbe wa Marekani, akiwamo Edward Miner Gallaudet, walipinga, wakashindwa kwa kura. Kwa miongo mingi iliyofuata, shule nyingi ziliwakataza watoto kutumia mikono, walimu viziwi wakapoteza ajira, na saa za hesabu na jiografia zikaliwa na mazoezi ya kutamka. Ilikuwa mwaka 1960 ndipo William Stokoe alipoonyesha kwamba lugha ya alama ya Marekani ina muundo kamili kama lugha nyingine. Na ilikuwa mwaka 2010, mjini Vancouver, ndipo kongamano lilelile la kimataifa lilipotoa tamko la kusikitikia maazimio ya Milan.

Sayansi nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1957 mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walisisimua kwa umeme neva ya kusikia ya mgonjwa kiziwi, naye akahisi sauti. William House wa Los Angeles alifuata mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ingeborg na Erwin Hochmair huko Vienna, na Graeme Clark huko Melbourne, walileta vifaa vyenye njia nyingi za umeme. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha kifaa cha aina hiyo kwa watoto wa kuanzia miaka 2. Viziwi wengi walipinga vikali. Waliokuwa wakiikumbuka Milan waliona ndani ya kifaa kile azimio lilelile likirudi kwa sura mpya.

Tukumbuke kwamba kifaa hakiondoi uziwi. Maikrofoni hunasa sauti, kompyuta ndogo huigeuza kuwa mapigo ya umeme, na nyaya nyembamba zilizoingizwa ndani ya koklea huyafikisha kwenye neva. Maana ya mapigo hayo mtoto hana budi kuisomea. Daniel Ling alipendekeza sauti 6 za kupimia usikivu wa usemi: m, u, i, a, sh na s. Mzazi huzitamka huku mtoto haoni midomo yake, ili kujua kama kifaa kinafanya kazi. Kiswahili kinazo zote, tena katika maneno ya nyumbani: mama, uji, shuka, sima. Kisha huja miaka ya kukitaja kila mtoto anachokitazama, kumwimbia, kumngoja ajaribu kujibu, na kurudia bila kuchoka. Huhitajika pia betri, vipuri, marekebisho ya kifaa na mtaalamu wa usemi anayekijua Kiswahili. Wataalamu hao ni wachache, na wengi wako mijini.

Hapa ndipo penye hatari. Utafiti umeonyesha kwamba ubongo huipokea sauti vizuri zaidi kifaa kikiwekwa kabla ya umri wa miaka 3 na nusu. Watoto wetu wengi hugunduliwa baada ya hapo. Akikatazwa alama huku usemi haujaja, mtoto hubaki bila lugha yoyote, na akili isiyo na lugha hudumaa. Kinyume chake, watoto wa wazazi viziwi waliolelewa kwa lugha ya alama tangu kuzaliwa, kisha wakapandikizwa, wameonekana katika utafiti wakimudu usemi vizuri. Mkono haujawa adui wa ulimi.

Uganda iliitaja lugha ya alama katika Katiba yake ya 1995, na Kenya ikaifanya lugha rasmi ya Bunge katika Katiba ya 2010. Tanzania, yenye shule ya viziwi Tabora tangu 1963, haikosi pa kuanzia. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hoja yangu ni hii: bajeti inayolipia upasuaji ilipie pia upimaji wa watoto wachanga, wataalamu wa usemi mikoani, na mafunzo ya lugha ya alama kwa wazazi. Na viziwi wenyewe wawemo kwenye meza ya maamuzi, maana huko Milan karibu wote waliopiga kura walikuwa wanasikia.